Ngao iliyopona kila nilipotaka kuionyesha

Hitilafu yenyewe, kwenye gemu tuliyokuwa tukicheza, ilikuwa hivi: umejenga kituo chako angani, jenereta ya ngao inawaka, halafu unaongeza bloku nje ya ukuta wa zamani. Duara la buluu linatanuka vizuri na kufunika ujenzi mpya. Adui akifyatua, risasi zinapenya na kutoboa ukuta mpya, huku upande wa zamani ukiwa salama salimini. Ghala letu zima la madini liliondoka hivyo, na binamu yangu niliyekuwa nikicheza naye akashikilia kwamba umeme wa kituo haukutosha.

Umeme ulikuwepo. Kazi ilikuwa kuwaonyesha watengenezaji. Ukisevu, ukatoka na kurudi, gemu inapima kituo upya na ngao inakinga kila kitu. Kwa hiyo faili la sevu, ambalo ndilo la kwanza kuombwa, lingenikana: wangelifungua, wangefyatua, ngao ingezuia, na ripoti ingefungwa. Ilibidi niwape njia ya kuizalisha hitilafu kwao wenyewe.

Niliondoa modi zote kwanza, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, maana ukiripoti ukiwa nazo, jibu utakalopewa unalijua: ziondoe kwanza. Nikaanzisha dunia mpya ya ujenzi huru, nikaweka vitu vichache tu: kiini cha kituo, chanzo cha umeme, jenereta ya ngao na mstari wa bloku. Pembeni nikasimamisha mzinga wa adui. Kisha nikawa nabadilisha jambo moja moja. Bloku ikiwekwa ndani ya mipaka ya zamani, hakuna shida. Ngao ikizimwa, nikajenga, nikaiwasha, hakuna shida. Lakini bloku hata moja ikichomoza kupita kona ya mbali wakati ngao inawaka, basi, risasi zinapita. Nilihisi kwamba picha ya ngao na kinga yenyewe zinapimwa kila moja kivyake, na hiyo ya pili haikupata habari kuwa kituo kimekua. Dhana hiyo niliiweka mwisho kabisa wa ripoti, na nikaiita dhana.

Faili la kumbukumbu nalo lina haraka zake. Gemu imejengwa kwa Unity, programu ya kutengenezea magemu, ambayo kwenye Windows huandika yanayotokea katika Player.log, ndani ya AppData, folda ya LocalLow. Ukianzisha gemu upya, faili hilo linageuzwa jina kuwa Player-prev.log; ukianzisha tena, limefutika. Likopi mara tu hitilafu inapotokea. Na kabla ya kulituma lifungue ulisome, kwa sababu njia za mafaili zinaweza kubeba jina unalotumia kwenye kompyuta. Langu lilikuwemo hadi la ukoo, nikalibadilisha.

Kichwa cha ripoti kilisema jambo moja: ngao haikingi bloku zilizoongezwa nje ya mipaka ikiwa inawaka. Chini yake namba ya toleo, hatua kwa mpangilio, nilichotarajia, kilichotokea, na namna ya kukwepa, yaani kuzima ngao na kuiwasha tena. Video ilikuwa fupi, namba ya toleo ikionekana pembeni. Binamu alitaka tuongeze aya kuhusu ghala letu na jasho tulilomwaga. Nilikataa. Anayesoma malalamiko kutwa nzima hana nafasi ya msiba wetu.

Jibu la kwanza, kama nilivyotegemea, liliomba sevu. Niliituma na maelezo kwamba wakiifungua ngao itakuwa nzima, waongeze bloku kwenye kona niliyoitaja ndipo wafyatue. Ripoti ikawekewa alama kuwa imethibitishwa.

Marekebisho yalikuja na apdeti. Sasa ukijenga kupita mipaka, ngao inashuka sekunde chache, inajipima, inarudi. Binamu analalamika kwamba ni udhaifu mpya. Kwangu ni afadhali, kwa kuwa inaposhuka unaiona.