Geuzeni hiyo pikapu niione nyuma

Picha zote za Scout Terra, pikapu mpya ya porini, nilizohifadhi kwenye simu ni za uso. Uso kwa mbele, uso kwa ubavu kidogo, uso jua likizama. Taa zile ni nzuri, sikatai. Lakini tangu walipoizindua Oktoba 2024 mimi nakuza picha kwa vidole viwili nikitafuta kitu kingine kabisa: chini ya bampa la nyuma kuna nini, na kiko juu kiasi gani kutoka ardhini.

Ugonjwa huu una chanzo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na pikapu ambayo sitaitaja jina, maana kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Tulifika kwenye korongo, mimi na shemeji yangu. Halikuwa la kutisha. Pua ikapita, tumbo likapita likikwaruza kidogo. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshaanza kupanda ng'ambo na ya nyuma yako chini kabisa ya shimo, ndipo mkia ukajichomeka kwenye ukingo tuliotoka, gari likaketi. Pikapu ilikuwa tupu. Springi zake, zile za mikanda ya chuma iliyopangwa moja juu ya nyingine, ziliundwa kubeba tani nzima, kwa hiyo bila mzigo zilikuwa ngumu kama reli. Gurudumu la nyuma la kushoto likabaki linaelea hewani, na kwa kuwa difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, haikuwa na loki ya kuyalazimisha yazunguke pamoja, likazunguka lenyewe kwa furaha zake huku mwenzake wa kulia akiwa hana kazi.

Shemeji alishuka, akazunguka nyuma, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Shemeji," akasema hatimaye, "huku mbele hatuna tatizo lolote."

Tulichimba kwa saa mbili na nusu. Eksozi ilirudi nyumbani imepinda, na bamba la namba tuliliokota kesho yake. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha pikapu mpya ya porini, mimi nazunguka nyuma kwanza.

Na si mkosi wangu peke yangu. Chukua Jeep mbili za ukoo mmoja. Wrangler Rubicon ya milango minne ina pembe ya kutokea, yaani ule mwinuko ambao mkia unaweza kuuacha bila kugusa, ya nyuzi 37 hivi. Gladiator Rubicon, ambayo ni pikapu yake, ina 26. Pembe ya kuingilia, yaani ile ile ila ya pua, ni karibu sawa, nyuzi 43 na kitu. Uso ni ule ule, ekseli ni za aina ile ile, loki za difu zipo zote mbili. Kilichobadilika ni kwamba chasisi imerefushwa karibu nusu mita kati ya magurudumu ili kupata nafasi ya mzigo, halafu nyuma pakaongezwa mkia. Wahandisi wenyewe wanajua, ndiyo maana waliweka vyuma vya kinga kwenye pembe za chini za bodi ya mzigo. Huweki kinga mahali usipotarajia kugonga.

Terra ya zamani ilizaliwa hivyo hivyo. International Harvester, waliokuwa wakijulikana zaidi kwa matrekta, walianza kuuza Scout kwa mwaka wa modeli 1961. Mwaka 1976 wakaichukua Scout II, wakaongeza inchi 18 kati ya magurudumu, karibu sentimita 46, wakakata paa nyuma ya viti vya mbele, wakaiita Terra. Uzalishaji ukakoma 1980. Sasa jina limo mikononi mwa Volkswagen, wamefungua kampuni iitwayo Scout Motors, na kiwanda wanakijenga Blythewood, South Carolina. Kwenye uzinduzi walisema uzalishaji utaanza 2027.

Ahadi zenyewe zinanikosha, lazima niseme. Bodi juu ya chasisi, ekseli ya nyuma iliyo nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, loki za kimakanika mbele na nyuma, fimbo ya mbele ya kuzuia gari kulala kwenye kona inayoweza kuachanishwa kwa swichi, tairi za hadi inchi 35. Tumbo liko juu ya ardhi kwa zaidi ya sentimita 30, na linavuka maji ya kina cha karibu sentimita 90. Kuvuta zaidi ya tani nne na nusu. Na ni gari la umeme! Kuna toleo la betri pekee, linalokadiriwa kwenda kilomita 560, na toleo lenye injini ndogo ya petroli ambayo haizungushi magurudumu hata kidogo, kazi yake ni kuzalisha umeme tu, na hilo linakadiriwa kufika 800. Injini hiyo wameiita Harvester, kwa heshima ya marehemu.

Toleo hilo la pili ndilo ningelitaka. Porini hakuna mahali pa kuchomeka waya, lakini galoni la petroli unaweza kulibeba.

Ila sasa sikiliza ilipo hiyo injini. Iko nyuma. Nyuma ya ekseli ya nyuma!

Nilipolisoma hilo nilisimama, nikaenda kunywa maji. Kiuhandisi ina mantiki: mbele kunabaki sanduku la mizigo, katikati kunalala betri, injini inawekwa panapobaki. Lakini panapobaki ndipo hasa korongo lilinikamata mimi. Mkia wa pikapu kwa kawaida umebeba tairi la akiba na kipande cha eksozi. Huu utabeba injini nzima pamoja na jenereta yake. Kwa hiyo matarajio yangu ya kwanza, kabla ya mengine yote, ni bamba nene la chuma chini ya injini hiyo, la kweli, la kuegemezea gari lote juu ya jiwe, si lile la plastiki la kuzuia matope. La pili ni kulabu za kuvutia za nyuma zilizofungwa kwenye chasisi, juu ya bampa na si chini yake. Anayekuja kukuokoa ukiwa umeketi kwenye ukingo hawezi kufunga kamba kwenye kulabu iliyozikwa udongoni. Nasema kwa uzoefu.

Halafu maji. Ukiivuka mito kwa mwendo wa taratibu, gari husukuma wimbi mbele yake na usawa wa maji hushuka ubavuni. Ukisimama katikati, maji yanarudi kujisawazisha, na yanarudi kila mahali. Injini ya mbele imezoeleka, tunajua pua yake inavutia hewa wapi na tunajua kuiinulia bomba. Ya nyuma itabidi tuijifunze upya. Natarajia waivutishe hewa juu kabisa, ikiwezekana karibu na paa. Tena uzuri wa mfumo huu ni kwamba unaweza kuizima injini kabla ya kuingia majini na kuvuka kwa betri tu. Swichi ya kufanya hivyo iwe kitufe cha kubonyeza, tafadhali, isifichwe ndani ya skrini. Kwenye onyesho walijivunia vitufe, kwa hiyo nina imani.

Ekseli nzima ya nyuma wengi wameiita ushamba. Rivian R1T ilipotoka 2021 ilikuwa na mota nne, kila gurudumu na yake, kila moja linajitegemea, na barabarani inateleza vizuri. Lakini ekseli nzima ina tabia moja ninayoipenda: gurudumu moja likipanda jiwe, la pili linakandamizwa chini, na ile difu iliyo katikati inapanda pamoja. Unajua wakati wote chuma kiko wapi. Funga loki, na magurudumu yote mawili yanakula pamoja, bila kompyuta kusubiri mojawapo lianze kuteleza kwanza.

Springi ndizo zinanipa presha. Ford walipotengeneza Ranger Raptor ya 2018 walitoa springi za mikanda nyuma wakaweka za koili, gari likawa laini kama godoro, na uwezo wa kubeba ukashuka mbali chini ya ile tani moja ya Ranger ya kawaida. Huwezi kupata vyote. Terra imeahidi karibu kilo 900, na mimi ningeikubali hata iwe 700 ikiwa nyuma tupu itajikunja badala ya kuruka. Mahesabu yangu ni haya: watu wawili, maji, mafuta ya akiba, hema, winchi, vyuma vya kuokolea. Tukizidi sana, tumebeba kilo 450. Zinazobaki ni za kujisifia tu.

Kuhusu kufika kasi ya kilomita 97 kwa saa ndani ya sekunde tatu na nusu, sina la kusema. Mimi nataka kilomita mbili kwa saa bila kutetemeka, na hapo mota ya umeme haina mpinzani, kwa sababu nguvu yake yote ipo tangu gurudumu likiwa limesimama. Ukimya pia. Shemeji anacheka nikisema hivi, lakini ukikosa mngurumo wa injini unasikia tairi likishika jiwe kabla halijaanza kuteleza, na unaondoa mguu kwa wakati.

Kitu kimoja cha umeme nisichokipenda: ukilala mlimani betri ikajaa pomoni, asubuhi ukaanza kuteremka, breki ya mota, ile inayopunguza mwendo kwa kuzalisha umeme, inapungukiwa na mahali pa kuupeleka. Unabaki na breki za kawaida na uzito wa gari lililobeba betri. Nitakuwa namwambia Harvester alale mapema.

Wiki iliyopita shemeji aliniuliza kwa nini sijaweka jina, ilhali kujiandikisha ni dola 100 na zinarudishwa. Nikamtumia picha ile ya jua kuzama. Akajibu, "Nzuri sana hii, shemeji." Nikamwambia aikuze, aende chini ya bampa la nyuma, aniambie anaona nini.

"Kivuli," akasema.

Basi siku wakitoa picha ya Terra imepandishwa jeki, mgongo umeelekea kamera na mtu ameshika rula, mnipigie hata kama ni usiku wa manane. Pesa ziko tayari.