Msuli wa Kulia, Uso wa Kushoto

Asubuhi moja niliamka shingo imekakamaa, na kila nilipojaribu kugeuza uso kushoto, maumivu yalinizuia nusu ya njia. Siku mbili nzima nilikanda upande wa kushoto bila nafuu, kumbe msuli uliokuwa ukiuma ulikuwa wa kulia.

Msuli huo huitwa sternokleidomastoidi, jina la kutisha ambalo kwa kweli ni anwani tu, kwa kuwa linataja mifupa ambayo msuli umejishikiza. Chini una vichwa viwili: kimoja ni chembamba na hutoka sehemu ya juu ya mfupa wa kidari, na cha pili ni kipana, bapa, na hutoka kwenye theluthi ya mtulinga iliyo karibu na kidari. Vichwa hivyo huungana na kupanda kimshazari hadi kwenye kinundu cha fuvu unachoweza kukipapasa nyuma ya sikio.

Fumbo lote limo katika mshazari huo. Msuli wa kulia unapojikaza na kufupika, huvuta kinundu cha nyuma ya sikio la kulia kuelekea mbele na chini, hivyo sikio hukaribia bega la upande uleule, ilhali kidevu huelekea kushoto. Simama mbele ya kioo, weka kiganja kwenye shavu la kushoto, kisha jaribu kugeuza uso kushoto huku kiganja kikiuzuia: utaona upande wa kulia wa shingo ukitunisha kamba nene, na karibu na mtulinga kijibonde kidogo kati ya vichwa viwili. Madaktari hutumia jaribio hilohilo kupima neva ya 11 ya fuvu, inayouamrisha msuli huu.

Misuli yote miwili ikijikaza pamoja, huinua kichwa kutoka kwenye mto. Na mtu anapohema kwa shida, kama katika shambulio la pumu, misuli hiyo huvuta kidari juu ili mapafu yapate nafasi.

Baada ya kuyajua haya nilihamia upande wa kulia, lakini kwa mkono mwepesi, kwa sababu chini ya msuli huo hupita ateri ya karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, na kuibana kwa nguvu kunaweza kupunguza kasi ya moyo hata mtu akazirai.