Siku moja maishani mwangu: futi, uzi na viuno vya watoto Kampala

Saa 11 kasoro dakika 10 alfajiri

Kabla ya chai napima maji. Najaza dumu mpaka mstari wa lita 10 na kuliweka juu ya mizani ya kazi, hapo sakafuni karibu na mlango. Lita 10 za maji ni kilo 10, na dumu lenyewe likiwa tupu lina nusu kilo. Nililipima siku nilipolinunua. Mizani ikisoma 10.5, tunatoka wote. Mwezi uliopita ilisoma 11.2 baada ya kudondoka kwenye boda, na asubuhi ile nilibaki nyumbani kwa hasira.

Mkobani natia futi mbili za fundi cherehani, zote mpya. Futi ya kitambaa ikizeeka huvutika, na futi iliyovutika humpunguzia mtoto kiuno. Natia pia mpira wa uzi na mkasi. Uzi ndio kifaa changu ninachokipenda, nitaueleza mbele.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ndogo ya mtaani, na asubuhi nyingine huenda shuleni kupima uzito, urefu na viuno vya watoto. Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, baba alikuwa askari kutoka Arua, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichonilea. Hapa Kiswahili kilijulikana kama lugha ya askari, na najua Kampala wapo bado wanaokisikia wakatazama nyuma kuona kama kuna mwenye bunduki. Kambini kilikuwa lugha ya kugombania kamba ya kuanikia nguo.

Saa 12 na nusu

Jam. Nimekula rolex kando ya barabara, mayai mawili na chapati, mafuta yakinitiririka mpaka kiganjani. Naandika hili ili msije mkadhani nahubiri kutoka mlimani.

Saa 1 na robo asubuhi

Shule ya leo ni ya kulipia, ya wazazi wenye magari. Wametupa stoo ya vitabu. Kazi ya kwanza ni kutundika kitenge mlangoni.

Kitenge kile kina sababu yake. Miaka miwili nyuma, shule nyingine, nilipima watoto mstarini uwanjani, mimi nasoma namba kwa sauti na mwenzangu anaandika. Msichana mmoja nikamsomea kiuno, 80. Kufika mapumziko wavulana walikuwa wameshampa jina: Themanini. Kesho yake hakuja shule, wala kesho kutwa. Kosa lilikuwa langu, si la wavulana. Tangu siku ile mtoto anaingia mmoja mmoja, mwalimu wa kike anakaa pembeni, na namba haitamkwi. Nasoma, naandika mwenyewe, nafunika karatasi.

Saa 2 na dakika 10

Wanaanza kuingia, darasa la nne. Viatu nje, sweta nje. Kwa urefu tuna bahati: shule nyingi za hapa watoto wananyolewa, wavulana na wasichana, kwa hiyo ubao wa kupimia unakaa juu ya fuvu lenyewe na si juu ya mafundo ya rasta. Visigino, makalio na mabega vinagusa ukuta, macho mbele sawa. Ukimwachia mtoto ainue kidevu unamwongezea sentimita ambayo hana.

Kiuno ndicho kinachotaka mikono. Watu wengi hupima kwenye mkanda wa suruali, na mkanda wa suruali ya mtoto unaweza kuwa popote. Mimi natafuta kwa kidole ubavu wa mwisho, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, na katikati ya hivyo viwili natia nukta kwa kalamu. Futi inapita kwenye nukta, imelala sawa mbele na nyuma, inagusa ngozi bila kuibana. Halafu yanaanza maigizo. Mtoto akiona futi huvuta tumbo ndani, hata wa miaka saba. Anajua tayari, sijui kafundishwa na nani. Ukimwambia "usivute tumbo" atalisukuma nje. Kwa hiyo namuuliza jina lake la shule na la nyumbani, na jina la mbwa wao kama wana mbwa. Akiongea anapumua, pumzi ikitoka namba inatulia, hapo nasoma. Napima mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, napima ya tatu.

Hesabu yenyewe haina siri: kiuno kigawanywe kwa urefu. Kisizidi nusu. Mtoto wa sentimita 128 mwenye kiuno cha 58 yuko kwenye 0.45, aende akacheze. Miongozo ya tiba ya Uingereza ya NICE iliingiza kipimo hiki mwaka 2022 kwa watu wazima na kwa watoto kuanzia miaka 5: chini ya 0.5 ni salama, kuanzia 0.5 hatari ya maradhi ya baadaye imepanda, 0.6 imepanda sana. Maradhi yenyewe ni kisukari, presha na moyo. Kinachotazamwa ni mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na matumbo, kwa sababu ndiyo yenye fujo. Ya mapajani yana adabu zaidi.

Ninachokipenda ni kwamba hakidai chati. BMI ya mtoto, yaani kilo zake zikigawanywa kwa urefu wa mita mara mbili, haisomeki peke yake. Lazima ujue umri kwa miezi, ujue ni mvulana au msichana, kisha ufungue jedwali za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007 utafute mstari wake. Bado naifanya, maana fomu inaitaka na ina kazi yake. Lakini nusu ya urefu hata muuza nyanya anaielewa.

Saa 4 na nusu

Kengele ya chai. Futi ya kiuno naiweka chini. Mtoto aliyetoka kunywa uji vikombe viwili na mandazi matatu ana kiuno cha uji. Naangalia kantini kwa dirishani: chipsi, soda ya rangi ya machungwa, biskuti, na foleni ya ndizi haina mtu.

Saa 5 na dakika 20

Wawili wa leo sitawasahau upesi.

Wa kwanza ni msichana wa miaka 12, mchezaji wa netiboli, mapaja kama nguzo. Kilo 47, sentimita 150. BMI yake inafika 20.9, na kwa umri wake hapo ndipo mstari wa uzito uliozidi unapoanzia. Kwa jedwali peke yake ningemwandikia mama yake barua. Kiuno chake ni 66, nusu ya urefu wake ni 75. Ana sentimita tisa za akiba. Nimemrudisha uwanjani bila barua.

Wa pili ni mvulana wa miaka 10, miguu ya korongo, mikono myembamba. Macho ya kila mtu yangemwambia ale zaidi. Kilo 31.5, sentimita 133, BMI 17.8, ndani ya mstari kabisa. Kiuno 67.5. Nusu ya urefu wake ni 66.5. Nikapima tena, 67.5.

Hapa ndipo futi inapohitaji mwenye akili nyuma yake. Tumbo la mtoto wa Uganda lina mambo mengi kuliko mafuta. Lina minyoo. Likitoka ziwani huenda lina kichocho. Malaria ya mara kwa mara huvimbisha wengu. Nikamlaza kwenye benchi, mwalimu akiwepo, nikamtafuta wengu chini ya mbavu za kushoto, ini kulia. Sikuvihisi kwa vidole, tumbo laini. Lakini alikuwa mtu wa kwanza baada ya chai. Nimeandika: arudiwe Jumatatu kabla hajala, dawa ya minyoo ya mwisho aulizwe mama. Sikuandika neno "unene" popote. Sentimita moja haitoshi kumpa mtoto jina.

Saa 7 kasoro

Wote 90 wamekwisha. Mkuu wa shule, mama mmoja mchangamfu, ananiita ofisini na chai ya tangawizi. Anataka orodha ya "wale wanene" ili jikoni wawapunguzie posho.

"Madam, orodha sina. Nitaleta barua zilizofungwa, za wazazi."

"Sista, mimi ndiye mama yao hapa."

"Ndiyo mama. Sasa nisaidie na kantini."

Akacheka, akabadilisha mazungumzo. Kantini ni ya shemeji yake, nimeambiwa nje getini.

Saa 9 alasiri

Kliniki. Benchi limejaa homa na vikohozi. Ukutani imetundikwa tepu ya mkono niliyofundishiwa kazi, ile ya watoto wa miezi 6 hadi 59: nyekundu chini ya sentimita 11.5, njano mpaka 12.5, kisha kijani mpaka mwisho wa tepu. Miaka kumi nimeifunga kwenye vijikono, nikiona kijani nasema Alhamdulillahi. Haina rangi nyingine baada ya kijani. Siilaumu, ilitengenezwa kuwawahi wanaokufa kwa njaa, na bado inawawahi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa hiyo hakuna atakayesikia kwangu kwamba njaa imehama. Mwaka 2025 UNICEF walitangaza kwamba kwa watoto wa umri wa shule duniani unene uliokithiri umewapita wenye uzito pungufu, isipokuwa Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Sisi bado tuna vyote, wakati mwingine nyumba moja, sufuria moja.

Ndipo akaingia bibi wa Kinubi kutoka Bombo, buibui jeusi, mkono umemshika mjukuu wa miaka 11. Alipata barua yangu muhula uliopita, ameileta leo.

"Asalaam aleikum, bibi."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika mtoto wangu ni mgonjwa?"

"Sijaandika mgonjwa, bibi. Nimeandika aje tuzungumze."

Nilimpima nyuma ya pazia. Kiuno 82, urefu 141, uwiano 0.58. Nilipogeuza kola ya shati nikaona shingo: ngozi nyeusi, nene, ya mahameli, mstari kwa mstari. Bibi akawahi kujitetea.

"Uchafu huo hautoki. Namsugua na dodoki kila siku mpaka analia."

Sio uchafu. Ni dalili kwamba mwili unamwaga kupita kiasi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa sababu haiitikiwi, na ngozi ya shingoni na makwapani ndiyo inayotoa siri. Nilimwambia bibi aliweke dodoki pembeni. Mtoto alinitazama kama nimemfungulia jela.

Nikakata uzi sawa na urefu wake, nikaukunja mara mbili, nikampa bibi auzungushe mwenyewe kiunoni. Ncha hazikukutana. Zilibaki mbali upana wa kiganja. Bibi akauvuta, ukakatika.

Akakaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie:

"Nimezika watoto wangu wawili na slim. Wa mwisho nilimbeba kwenye kanga kama mtoto mchanga, na alikuwa na miaka thelathini. Mama wa huyu ndiye aliyebaki. Leo unaniambia mimi nimkondeshe mjukuu?"

Slim ndilo jina ukimwi ulilopewa hapa Uganda miaka ya themanini, kabla watu hawajajua ni nini. Nchi nzima ilijifunza kwamba mwembamba ni maiti anayetembea na shavu lililojaa ni uzima. Sina chati ya kulijibu hilo, na sikujaribu. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Hatumkondeshi, bibi. Ana miaka 11, bado anarefuka. Kilo alizonazo tunaziacha hapo hapo, zisiongezeke, tunasubiri urefu umfikie."

"Bila kumpunguzia chakula?"

"Soda tunaitoa. Hiyo si chakula."

"Na juisi ya pakiti?"

"Dada yake soda."

Alicheka kidogo, kwa pua. Presha ya mtoto nilipima kwa mkanda unaotosha mkono wake, ikawa juu kidogo, nitairudia mara mbili siku nyingine kabla ya kuiita jina. Sukari ya damu nimemwandikia asubuhi kabla hajala, hospitali kubwa, kwa daktari wa watoto. Mtoto aliniuliza swali moja tu, kama ataruhusiwa kuwa golikipa. Nikamwambia awe mchezaji wa pembeni, anakimbia zaidi. Akasema kocha hatakubali. Nikamwandikia kocha kikaratasi.

Saa 11 na nusu jioni

Fomu 90. Sita zimezidi nusu, mmoja kati yao ni yule wa kurudiwa Jumatatu. Barua nimeandika tano. Ya mvulana wa miguu ya korongo imebaki tupu, jina tu juu.

Saa 2 usiku

Nimeshavua viatu, simu inalia. Namba siijui.

"Mwanangu, ni mimi wa Bombo. Ijumaa huwa namtengenezea chapati."

"Ngapi, bibi?"

"Nne."

"Moja."

"Ya mafuta?"

"Ya mafuta, sawa."

Kimya kirefu, nasikia sufuria kwa nyuma.

"Basi nitaisukuma kubwa," akasema, akakata.