Siku moja maishani mwangu: kilichoko chini ya meza

Saa 11 alfajiri nimeshaamka, redio iko sikioni. Viongozi wawili ambao majeshi yao yanapigana wanakutana leo. Watapeana mikono mbele ya kamera, nami nina mpaka saa 10 jioni kukabidhi katuni.

Saa 2 asubuhi nazipitia picha zao. Pua, nyusi, jinsi kila mmoja anavyokaza midomo. Nyuso si kazi, mkono umeshazizoea. Kinachonisumbua ni kipi kikae kati yao.

Saa 4. Nikikwama hurudi kwa wakongwe. Mwaka 1805 mchora katuni Mwingereza James Gillray aliwachora William Pitt, waziri mkuu wa Uingereza, na Napoleon wa Ufaransa mezani, kila mmoja na kisu chake, wakijikatia mapande ya dunia: Pitt anachukua bahari, Napoleon anachukua Ulaya. Ni mchoro wa ajabu, naupenda. Ila wanaoliwa hawaonekani.

David Low aliwaonyesha. Septemba 1939, baada ya Poland kuvamiwa kutoka pande zote mbili, na Ujerumani na Muungano wa Kisovieti, aliwachora Hitler na Stalin wakivuliana kofia na kuinamiana kwa adabu, huku maneno yao ni matusi: mmoja anamwita mwenzake takataka ya dunia, naye anajibiwa kuwa ni muuaji wa wafanyakazi. Kati yao, chini, amelala maiti. Mfunike maiti yule kwa kiganja uone: wanabaki wanafiki wawili tu, na wanafiki tumeshawazoea.

Saa 6 mchana nampelekea mhariri rasimu. Mikono miwili imeshikana juu ya meza. Chini ya kitambaa imechomoza miguu ya mtoto, peku.

“Kaka, huyu mtoto ni wa upande gani? Mwekee bendera, wasomaji waelewe.”

Nakataa. Tunabishana karibu saa nzima, na hoja yake si ya kijinga, kwani katuni isiyoeleweka ni karatasi iliyoharibika. Lakini mtoto akishavaa bendera, nusu ya wasomaji watamlilia na nusu watafungua ukurasa mwingine. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliisambaza michoro ya Mholanzi Louis Raemaekers kama propaganda dhidi ya Ujerumani. Mchoro wenye bendera, serikali huuchukua ukawa silaha yao. Mwishowe anasema, “Haya, peku na iwe.”

Saa 8 naanza wino. Hapa sizungumzi na mtu. Nikivitazama vidole vyangu humkumbuka Ali Farzat, mchora katuni wa Syria aliyevunjwa mikono mjini Damascus mwaka 2011 kwa sababu ya katuni zake za kumkosoa Bashar al-Assad, rais wa nchi hiyo wakati huo. Nyayo za mtoto nazirudia mara nne, mpaka vumbi lionekane.

Saa 10 kasorobo naituma.

Saa 2 usiku, taarifa ya habari. Wamepeana mikono, wametabasamu. Kitambaa cha meza yao kimeshuka hadi sakafuni.