Bahasha ya mama wa Kayole

Nimefika nyumbani saa tatu usiku, chakula kimenishinda, wacha niandike tu.

Mimi ni wakili, na asubuhi alikuja kwangu ofisini mama mmoja kutoka Kayole, umri wa mamangu hivi, na bahasha ya kaki imeshikwashikwa mpaka kona zimelainika kama kitambaa. Ndani kulikuwa na P3, ile fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha, abstrakti ya polisi ya kuonyesha ajali iliripotiwa, risiti za hospitali na kadi ya wakili wake. Kijana wake aligongwa na matatu akiwa kwa boda, mguu ukavunjika mara mbili na mpaka leo anachechemea. Kila mama akipiga simu anaambiwa kesi bado iko kotini, avumilie. Amevumilia miezi kumi na minne.

Nikaweka nambari ya kesi kwa ule mfumo wa mtandaoni ambao koti za hapa Nairobi zilianza kutumia Julai 2020, na kumbe hukumu ilitoka mwaka jana. Nikampigia wakili aliyesimamia upande wa bima, tunajuana hapo koti za Milimani, akaniambia hiyo faili walishaifunga, hundi ilienda kwa wakili wa mama zamani sana. Nilipomweleza mama, akauliza polepole, "Sasa mwanangu, si hiyo pesa iko tu mahali?"

Nilikosa la kusema.

Na sheria yenyewe iko wazi kabisa. Pesa ya mteja ikiingia inaenda moja kwa moja kwa akaunti ya wateja, haichanganywi na ya ofisi, na mteja anapewa hesabu yake. Ukiitumia kwa mambo yako, kifungu cha 80 cha Sheria ya Mawakili kinasema hilo ni kosa la jinai, si deni la kulipa ukipata nafasi. Jopo la nidhamu linaweza kukufuta kwa orodha ya mawakili, likutoze faini mpaka milioni 1, na liamuru umlipe mteja fidia mpaka milioni 5. Mama hakuwa amesikia lolote kati ya hayo. Hata hakujua kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, kwamba kupeleka malalamiko huko ni bure na hahitaji wakili wa kumpeleka. Alikuwa anadhani wakili anashtakiwa na wakili, na ni nani angekubali kumshtaki mwenzake?

Hapo ndipo aliponigusa, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kunyamaza.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kodi ya ofisi ilikuwa imechelewa na mwenye nyumba anatishia kufunga mlango, bosi akaniambia niandike vocha tutoe kwa akaunti ya wateja, itarudi wiki ijayo. Nilijua ni pesa ya nani. Ilikuwa ya mjane aliyekuwa ananunua kaploti huko Kitengela, nilikuwa nimemwandikia risiti kwa mkono wangu. Nikaandika hiyo vocha. Pesa ilirudi baada ya wiki tatu, yule mjane hakuwahi kujua, na mimi kwa miaka mingi nikawa najiambia kwa vile ilirudi hakuna aliyeumia. Lakini nadhani hata huyu wakili wa mama wa Kayole alianza hivyo hivyo, kodi mwezi huu, mishahara mwezi ujao, na kando yake kijana kama mimi anaandika vocha huku ameinamisha kichwa.

Kabla ya kuandika barua ya malalamiko nilimpigia huyo wakili wa mama, hiyo ni heshima tunayopeana. Hakukana. Akasema, "Wakili, si mambo kama haya tunamalizana sisi kwa sisi?" Nikamwambia ana siku saba kumlipa mama pesa yake na kumpa hesabu kamili, na kwamba malalamiko yanaenda kwa Tume hata akilipa. Akakata simu. Najua tutakutana kwa korido wiki hii na hatanisalimia.

Mama akatia sahihi malalamiko pole pole, majina yote matatu. Nikatoa nakala ya kila karatasi kisha nikamrudishia zake. Akaanza kuzihesabu mbele yangu, moja moja, halafu akashtuka akasema, "Nisamehe wakili, si kwamba sikuamini."

Nikamwambia ahesabu tena.