Paja la Kushoto

Alhamisi, usiku

Nimerudi nyumbani nikiwa bado namfikiria mtoto wa miaka tisa aliyeletwa na bibi yake kutoka wodini. Ana selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa, na kwa zaidi ya wiki moja paja lake la kushoto limekuwa likiuma kiasi kwamba hawezi kukanyaga chini. Eksirei haikuonyesha kitu, jambo ambalo halikunishangaza, kwa kuwa mfupa hupoteza kwanza sehemu kubwa ya madini yake ndipo filamu ionyeshe, na hilo huchukua takribani wiki mbili.

Daktari aliuliza swali moja: je, mishipa imeziba na sehemu ya mfupa ikafa kwa kukosa damu, au bakteria wameingia? Kwa wenye selimundu, kuziba hutokea mara nyingi kuliko maambukizi, lakini homa, uvimbe na maumivu ni yale yale, ilhali tiba zinaachana kabisa: upande mmoja maji na dawa za maumivu, upande wa pili antibiotiki kwa wiki kadhaa, na pengine kisu.

Ndiyo maana jana tulianza na picha ya uboho, ute laini ulio ndani ya mfupa unaotengeneza damu, tukimchoma koloidi (chembe ndogo sana ambazo uboho huzinasa) yenye teknishiamu-99m, kitu chenye mionzi ambacho kamera yetu hukiona, na leo tukarudia kwa teknishiamu iliyounganishwa na fosfeti, ambayo hukimbilia pale mfupa unapojijenga upya. Kabla ya sindano ya leo bibi aliniuliza, "Mwanangu, hiyo kitu itamkaa mwilini mpaka lini?" Nilimweleza kwamba nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo kesho wakati kama huu itabaki chini ya sehemu moja ya kumi na sita, maana nyingine hutoka kwa mkojo. Akatafakari kidogo, akasema, "Basi ni kama moshi wa udi." Sijawahi kupata maelezo bora zaidi ya hayo.

Baada ya saa tatu, paja la kushoto liliwaka. Peke yake picha hiyo ingenitia shaka, kwa sababu mfupa uliovunjika huwaka, ulioziba na kuanza kupona huwaka, na kwa watoto hata ncha zinazokua karibu na magoti hung'aa siku zote. Lakini uboho wa jana ulikuwa sawa pande zote mbili. Kama mishipa ingeziba, tungeona pengo. Mfupa unaowaka huku uboho ukiwa na afya hutuelekeza kwenye maambukizi. Ni bakteria gani, kamera haiwezi kusema. Ninaishuku Salmonela, ambayo huwapenda sana wenye selimundu, lakini usaha uliovutwa jioni uko maabara na utaoteshwa kwa siku mbili tatu.

Mtoto aliomba kuiona mifupa yake kwenye skrini. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini tumboni chini kunang'aa kuliko mguu unaomuuma. Nilipomwambia kwamba ule ni mkojo, alicheka mpaka bibi yake akamwonya atulize mguu.