Mdomo wa Nyoka na Jino la Mamangu

Jana baada ya Isha nilikuwa barazani kwetu Shela, Shela ya Malindi si ya Lamu, mamangu kando yangu na kitambaa cha barafu shavuni, simu ikalia. Picha kutoka Bologna. Mdomo wa nyoka umefunguliwa wazi, fizi za waridi, safi, hazina hata doa. Chini kijana mwenye nyoka ameandika kwa Kitaliano kwamba Pippo, nyoka wake, amekula leo, amefunga mdomo vizuri, na anashukuru.

Mamangu akachungulia. "Subhanallah! Toa hicho kitu mbele yangu."

Nikatoa. Lakini usingizi ulikataa kuja, kwa hivyo naandika.

Mdomo ule uligharimu euro 214 mwezi wa Februari. Hizo ni za ziara ya kwanza tu, kabla ya sindano zilizofuata. Pigeni hesabu wenyewe kwa shilingi, mnajua fundi wa Maweni analipwa kiasi gani kwa kutwa.

Mimi ni mtunza wazee, huko tunaitwa badante. Nakaa na bibi wa miaka 88, namwogesha, nampikia, nampa dawa zake, usiku nalala mlango wa pili kutoka kwake. Nyoka ni wa mjukuu wake. Ni chatu mdogo wa rangi ya kahawia na madoa ya dhahabu, jamii ambayo asili yake ni Afrika Magharibi mpaka Uganda, akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Si yule chatu wetu wa msituni anayepita mita 4. Kijana alikwenda Milano wiki mbili kwa mitihani, akaniomba nimlishe. Nilikubali. Hilo halimo katika mkataba wangu na nitalirudia.

Alinifundisha vizuri, nisimnyime haki yake. Panya hutoka friza amekwisha kufa, unamyeyusha ndani ya mfuko kwenye maji ya moto, humpiki wala humtii kwenye mikrowevu, unamshika kwa koleo refu ili mkono wako usinuke chakula. Vyombo vyake havioshwi kwenye sinki la jikoni, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumgusa bibi, kwa sababu wanyama hawa hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuugua, na mtu wa miaka 88 hawezi kuhimili tumbo la namna hiyo.

Jumatano jioni nikamlisha. Nilikuwa sijapata kumtazama nyoka akila kwa karibu hivyo. Taya lake la chini halikuungana kidevuni kama letu, pande mbili zimeshikwa na kano inayovutika, basi upande wa kulia unasogea mbele, unashika, halafu wa kushoto unafuata, kama mtu anayevuta kamba ya jahazi mkono kwa mkono. Meno yote yamepinda kuelekea kooni, safu 4 juu na 2 chini, kilichoingia hakirudi. Na tundu la pumzi linasogea mpaka mbele ya mdomo ili asikose hewa wakati koo limejaa. Nilisema Allahu Akbar peke yangu chumbani.

Alipomaliza akapiga miayo. Mdomo ulifunguka hadi nikaona ndani kote, taya limekwenda upande. Hilo kijana alinionya, ni kawaida, anarudisha taya zake mahali pake baada ya mlo. Miayo miwili, mitatu, basi.

Lakini nusu saa baadaye nikarudi na tochi na bado mdomo haujafungika. Upande wa kushoto mdomo wa chini umeachia, uzi wa mate mazito unaning'inia, naye anausugua kwenye ukuta wa kioo, anasugua, anatulia, anasugua tena. Nikamulika kwa pembeni. Kati ya meno na ufizi kulikuwa na kibanzi cha mbao, kutoka kwenye yale maganda ya randa anayotandikiwa, bila shaka kilishikamana na manyoya ya panya aliyekuwa na unyevu. Pembeni yake ufizi mwekundu wenye vidoa vyekundu zaidi kama ncha za sindano, na kitu cheupe kimeganda kama mtindi uliokatika.

Hicho cheupe ndicho kilinitia hofu. Kibanzi kilikuwa cha usiku ule, lakini usaha hauji kwa nusu saa. Kulikuwa na ugonjwa kabla.

Nikampigia kijana kwa video. Akasema usivute, meno yake ni membamba na ufizi utachanika, na usimshike kabisa mpaka siku mbili zipite, ukimbeba na tumbo limejaa atatapika. Nitazame kipimajoto. Upande wa moto ulitakiwa uwe nyuzi 32, ulikuwa 23. Kidhibiti joto kilikuwa kimeharibika, pengine tangu siku kadhaa, Februari ya Bologna hiyo, barafu juu ya magari. Nyoka hana moto wake mwenyewe mwilini, anauchukua nje. Akipoa, tumbo linazembea na kinga inalala, na jeraha dogo la mdomoni linaoza.

Daktari wa wanyama anayetibu nyoka aliuliza kwa simu maswali mawili tu: anapumua mdomo wazi? Anatoa mapovu puani? Ingekuwa ndiyo, ningemleta usiku ule ule. Ilikuwa hapana, basi Jumamosi asubuhi, na wakati huo nirudishe joto. Ndugu zangu, niliazima kidhibiti kwa rafiki wa kijana, nikakaa macho hadi saa nane za usiku nikisoma namba.

Hapa niseme na vijana wa Malindi mnaojivunia Kitaliano. Tumekipata bure, tangu baba zetu walipofanya kazi na Wataliano wa San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960, mpaka hoteli na ufuko. Lakini ni Kitaliano cha kuuza na kusalimia. Nilipofika mbele ya daktari sikulijua neno la ufizi, sikulijua neno la usaha, nikawa naonyesha kinywani mwangu kwa kidole. Na maneno hayo hayo ndiyo unayoyahitaji bibi akiumwa usiku na ambulansi inakuuliza. Kabla ya kupanda ndege jifunze mwili mzima, kichwa mpaka ukucha.

Jumamosi nikamtia kwenye foronya iliyofungwa fundo, foronya ndani ya sanduku, chupa ya maji moto imefungwa taulo. Mapokezi mwanamke akanitazama, akalitazama sanduku, akasema, huku anatabasamu, kwamba mimi si lazima niogope, kwetu Afrika tumezoea hawa.

Nilimeza. Nimemeza mengi kule lakini hili limenikaa kooni mpaka leo. Sisi tumezoea nini? Nimekulia nyumba ambayo mtoto haruhusiwi kutia mkono kwenye rundo la makuti, kwa sababu ya bafe. Nyoka akionekana uani, wanawake wanakusanya watoto, anatafutwa mwenye moyo na fimbo ndefu, au siku hizi wanapigiwa watu wa Bio-Ken, kituo cha nyoka kule Watamu, walio na shughuli hiyo tangu 1980, waje wamchukue salama. Jirani yetu aliumwa mguuni akienda choo cha nje, na shida ya kwanza haikuwa sumu, ilikuwa gari la kumbebea. Hatukuzoea nyoka. Tunaishi nao bila daktari, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Daktari mwenyewe, msichana mdogo, alikuwa mpole, na kazi yake niliipenda. Alimpima kwanza, gramu 1,340, kwa kuwa dawa huhesabiwa kwa gramu. Akamshika kwa vidole vitatu nyuma ya taya, akapitisha kadi laini ya plastiki kati ya midomo, hakulazimisha, akangoja afungue. Kibanzi akakitoa kwa kikoleo. Akachukua pamba ya kupeleka maabara, akaondoa ile takataka nyeupe kidogo kidogo, akaosha fizi kwa ile dawa ya kahawia ya vidonda iliyopunguzwa kwa maji mpaka ikawa kama chai ya rangi. Sindano akaipiga sehemu ya mbele ya mwili, akasema itarudiwa kila saa 72. Akaniuliza tena na tena, hatafuti kunusa chakula? Anasugua bado? Upande upi? Aliniambia pia nimewahi, na kwamba watu wengi huona miayo ya nyoka wakacheka, wakapiga picha, mdomo ukaozea mbele yao.

Nilimpigia kijana nikamtajia bei. Fedha ziliingia kabla sijafika kituo cha basi. Alipotoka Milano alinishika mikono miwili mbele ya bibi yake akalia, mtoto mwanamume wa miaka 19. Halafu akaniongezea malipo ya zile siku na kuniandikia karatasi kwamba ni nje ya mkataba. Sikutegemea. Na mnaotaka kwenda, hapa ndipo msikilize: badante wa kulala ndani, mkataba wa kitaifa unasema saa 54 kwa wiki, mapumziko ya saa 36, siku 26 za likizo, na mshahara wa 13 kila Desemba. Mbwa, paka, nyoka, bustani, watoto wa jirani, hayo huongezwa kwa mdomo, "nisaidie tu". Uliza kabla ya kukubali, nyumba ina wanyama gani na nani anawahudumia.

Sasa mamangu.

Ijumaa baada ya wiki ile tulizungumza kwa video kama kawaida. Alikuwa anakula mkate wa mofa, na jicho langu lilikuwa limezoea kutazama taya. Anatafuna kulia peke yake. Nikamwambia, mama, fungua mdomo, washa taa ya simu. Akakataa, akacheka, nikamlazimisha. Ufizi wa kushoto ulikuwa umevimba juu ya gego. Tangu lini? Tangu Novemba. Alikuwa anatia karafuu na kusukutua maji ya chumvi, na kila Ijumaa aliniambia hajambo.

Nikatuma shilingi 8,000 siku ile ile. Alikwenda hospitali ya umma, akaambiwa mashine ya picha mbovu, rudi mwezi ujao. Akarudi, foleni tangu alfajiri, akaambiwa anunue ganzi nje. Akarudi nyumbani na fedha zake, na wiki hiyo mjukuu akafukuzwa shule kwa karo. Mnajua zilikokwenda. Nilipomgombeza kwa simu alisema, "Mwanangu, mtoto akae nyumbani kwa ajili ya jino la mzee?" Sikuwa na jibu, na kwa kweli nilikasirika naye, nikakasirika na hospitali, nikakasirika na yule nyoka ambaye hana kosa lolote, alilala kwenye nyuzi zake 32.

Basi nikachukua siku zangu za likizo nikaja. Jumatatu nimempeleka mwenyewe kwa daktari wa meno wa kulipa, hapa hapa mjini. Picha ikapigwa dakika kumi. Jipu likapasuliwa, mzizi ukaanza kusafishwa, ziara ya pili ni Jumatano ijayo. Shilingi 11,500 kwa yote, haifiki hata nusu ya ile ya Pippo.

Jana ile picha nilipoificha, mamangu alikaa kimya kidogo, akageuza kitambaa upande wa baridi. Akaniuliza, "Huyo nyoka alingoja miezi mingapi?"

"Siku tatu, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Akataka kujua kama sindano zilimuuma, na kama sasa anatafuna. Nikamweleza nyoka hatafuni, anameza. Tukakaa mpaka taa za mtaani zikakatika.

Narudi Bologna Jumanne, siku moja kabla ya ziara yake ya pili. Fedha za ziara hiyo sikumwachia mamangu, wala khalati, wala sitazituma kwa simu. Nimezilipa kwa daktari mwenyewe leo asubuhi, na risiti iko ndani ya pasipoti yangu.